Ngozi ya Gari la Kimaiyo

Wilkista Nelima alikuwa na andazi la pili mkononi alipomwona mwanamume mzima akilia juu ya gari.

Tusimzulie mtu: machozi hayakudondoka. Lakini aliinama mbele ya boneti, akalowesha kidole kwa mate, akakipitisha polepole juu ya rangi nyekundu, kisha akatoa mguno ambao kwa kawaida husikika matangani. Wilkista aliacha kutafuna. Alikuwa ameketi dirishani kwenye hoteli ndogo mjini Kitale, wiki ya tatu tangu aondoke Bungoma kwa haraka kidogo, baada ya kutoelewana na watu waliomnunulia vidonge vya kuwafanya kuku watage mayai ya viini viwili.

Gari lenyewe halikuwa la kawaida. Mwaka huo wa 2004, mtu mwenye pesa Kitale alinunua pikapu au trekta. Hili lilikuwa la viti viwili tu, limeundwa Japani juzi juzi lakini likapewa sura ya magari ya mbio ya zamani: boneti ndefu, taa za mviringo kama macho ya chura, bampa ya kung'aa. Lilikuwa limeinama chini kiasi kwamba mwenyewe alitoka ndani yake kama mtu anayetoka kwenye karai la kuogea.

Wilkista alikuwa na kanuni moja ya maisha. Mtu anayelia kwa sababu amevunjika mguu, mpe pole. Anayelia kwa sababu ya alama iliyo ndogo kuliko punje ya wimbi, mpe bei. Alifuta mafuta mkononi, akavaa koti lake jeupe, maana koti jeupe humwongezea mtu miaka minne ya chuo, akatoka.

"Pole, mzee," alisema. "Hiyo jiwe ilikurukia wapi?"

"Kamukuywa," alijibu yule mwanamume bila kuinua kichwa. "Lori ya kokoto ilikuwa mbele yangu. Nikapiga honi ipunguze, ikaongeza."

"Nilijua tu. Jiwe ya Kamukuywa huingia na upande. Ya Webuye huingia wima."

Mwanamume akasimama wima akamtazama kwa heshima. Katika miaka yake hamsini na mitano hakuwa amewahi kukutana na mtu aliyesomea mawe.

"Naitwa Kimaiyo," alisema. "Wewe ni fundi?"

"Fundi ni yule anarekebisha, mzee. Mimi nazuia."

Akamweleza habari za ngozi. Huko ng'ambo, alisema, watu wenye magari kama haya hawalali kwa wasiwasi; wanayavisha ngozi. Ni nyembamba, haionekani, imebana kama ngozi ya mtu, na jiwe likija linarudi lilikotoka. Na hapa ni lazima tuwe wakweli: kitu hicho kipo duniani. Wilkista alikuwa amesoma habari zake kwenye ukurasa wa gazeti uliofungiwa sambusa. Alijua kwamba ngozi hiyo ipo, kwamba ni angavu, na kwamba hubandikwa kwa maji ya sabuni. Sehemu iliyoeleza jinsi inavyotengenezwa ilikuwa imeharibiwa na mafuta.

"Na wewe uko nayo?" aliuliza Kimaiyo.

"Imebaki ya gari moja tu. Lakini nimeahidi mtu wa Eldoret."

Kimaiyo alimshika mkono wa koti. Mtu wa Eldoret alikufa palepale, maskini, bila hata kuzaliwa.

*

Kesho yake asubuhi Wilkista alifika nyumbani kwa Kimaiyo, mtaa wa Kibomet, akiwa na robota la nailoni angavu, ile ambayo wazazi hununua Januari kufunikia vitabu vya shule. Alikuwa pia na kifuniko cha sufuria alichokipaka rangi nyekundu na kukivisha nailoni hiyo, pamoja na mfuko wa kokoto. Hizo kokoto alizitengeneza mwenyewe. Alikuwa ameukausha ugali wa juzi juani, akaukata vipande vya ukubwa wa kunde, akavigaragaza kwenye majivu mpaka hata mchimba mawe asingetofautisha.

Mke wa Kimaiyo, Jerono, alisimama kwenye mlango wa jikoni akiwa na chupa ya chai.

"Chamgei," Wilkista alimsalimu kwa lugha yake, kwa adabu sana.

"Chamgei," alijibu Jerono, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye mfuko.

Wilkista aliegemeza kifuniko ukutani. "Mzee, hii ni kokoto ya barabara. Rusha kwa nguvu yako yote. Usinihurumie."

Kimaiyo alirusha. Kifuniko kikalia ting. Wakasogea kukitazama: hakuna alama. Akarusha nyingine, akarusha konzi nzima, akarusha kwa hasira aliyoiweka tangu Kamukuywa. Hakuna alama. Uso wake ukaanza kuwa wa kijana.

Ndipo kuku mmoja mwekundu alipokuja, akadonoa kokoto moja, ikapasuka, akameza vipande vyote viwili. Halafu akasimama akimtazama Wilkista kwa matumaini.



"Kuku humeza mawe," alisema Wilkista bila kugeuka. "Ni ya kusaga chakula kwa firigisi."

"Hiyo ni kweli," alisema Kimaiyo, ambaye alikuwa amefuga kuku maisha yake yote. "Lakini hii amevunja kwanza."

"Si umeona vile imegonga ngozi? Jiwe ikigonga ngozi inavunjika roho. Hiyo hapo ni jiwe imeshindwa, mzee."

Kimaiyo akaangalia yale mawe yaliyoshindwa, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyefunuliwa siri ya uumbaji. Jerono aliona kila kitu, akaendelea kumimina chai.

Si kwamba alikuwa mjinga. Miezi minane nyuma, mumewe alikuwa ameuza ng'ombe wao watatu wa gredi, ng'ombe ambao Jerono aliwalea tangu wakiwa ndama na ambao karo ya binti yao Lorna ilitoka kwenye viwele vyao. Aliwauza siku ambayo Jerono alikuwa amekwenda mkutano wa akina mama wa kanisa. Aliporudi, zizini mlikuwa mmeegeshwa gari jekundu. Tangu siku hiyo alimpikia mumewe chai ya rangi, asubuhi na jioni, na Kimaiyo alipouliza maziwa, alijibiwa kwa upole, "Ngoja, Baba Lorna. Yatatoka kwa kabureta."

Kwa hiyo alipomwona tapeli akiingia kwenye boma lake, Jerono hakumwona kama adui. Alimtazama vile mtu anavyotazama ngazi iliyoachwa karibu na mti wa maparachichi.

Kazi ilichukua siku mbili. Wilkista alinyunyiza maji ya sabuni, akatandaza nailoni, akakwangua mapovu kwa rula ya shule, huku akiimba kidogo. Pembeni, ambako nailoni ilikataa kushika, alipaka gundi ya viatu. Alijua gundi ya viatu haina urafiki na rangi ya gari. Lakini pia alijua kwamba ikifika siku ya ugomvi huo, yeye atakuwa mbali.

Siku ya pili, wakati wa chai, alionja kikombe chake akakunja uso.

"Pole kusema, Mama Lorna, lakini kwangu Kamukuywa hii tungesuuza nayo vikombe. Niko na ng'ombe tatu za gredi. Shangazi yangu aliniachia."

"Tatu," alisema Jerono.

"Tatu. Ile kubwa alishikwa na ugonjwa ya kiwele mwezi jana, nikamkanda na maji moto mpaka mikono ikababuka. Sasa anatoa karibu ndoo mbili."

Jerono alikuwa hajaamini neno lolote la mwanamke huyu tangu afike, lakini hili aliliamini lote. Watu hudanganya kuhusu mashamba, digrii na wajomba walioko Amerika. Hakuna anayejisumbua kudanganya kwamba kiwele cha ng'ombe wake kiliugua. Akaangalia mikono ya Wilkista: ilikuwa ya mtu anayekamua.

Gari lilipokamilika, liling'aa kama peremende ambayo bado iko kwenye karatasi yake. Wilkista alimpa Kimaiyo masharti: asilioshe kwa siku saba, asiliegeshe juani, wala asipige honi akiwa amesimama karibu na ukuta, maana mtikisiko huisumbua ngozi changa. Kimaiyo aliyaandika yote. Kisha akalipa, na bei hatutaitaja kwa heshima ya familia.

*

Siku tano zilikuwa na mawingu, na ndoa ya nailoni na gari ikadumu. Siku ya sita jua likatoka, na joto likafika hata kivulini. Kufikia saa saba mchana nailoni ilikuwa imeinuka pembeni kama ukoko wa uji. Kimaiyo hakushuku kitu, alijilaumu. Alidhani alipiga honi karibu na ukuta. Akaenda sokoni akanunua kopo zima la gundi ya viatu, akaibandika upya ngozi yote, boneti mpaka milango, kwa mikono yake miwili na kwa upendo mwingi.

Kesho yake mchana ikainuka tena, na safari hii Jerono alikuja akasimama kando yake.

"Vuta hapo," alisema.

"Itaharibika."

"Vuta, Baba Lorna."

Kimaiyo hakuweza. Jerono akavuta mwenyewe. Kipande cha nailoni, upana wa kiganja, kikatoka kikiwa na rangi nyekundu yote chini yake, na mahali hapo boneti ikabaki ya kijivu kama kisigino kisichopakwa mafuta. Kimaiyo aliketi juu ya debe.

Jerono akamweleza habari ya ugali na kuku. Alimweleza polepole, bila kumcheka, ingawa ilimgharimu.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" aliuliza Kimaiyo mwishowe.

"Wewe uliniambia siku ya kuuza ng'ombe?"

Kuna maswali ambayo mwanamume hujibu, na kuna mengine ambayo huyatazama tu yakipita.

"Nilikosea," alisema Kimaiyo. Jerono alikuwa amelisubiri neno hilo miezi minane, na sasa lilipofika lilikuwa dogo sana, karibu amhurumie. "Nitaenda polisi," Kimaiyo aliongeza.

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia alinionyesha, nikarusha mawe..."

"Mawe gani?"

Kimaiyo akafungua mdomo, akaona mbele yake konstebo akiandika neno ugali kwenye kitabu, akaona konstebo akiwaita wenzake wote waje kusikia. Akafunga mdomo.

"Rudisha hiyo kipande mahali pake," alisema Jerono. "Bandika vizuri. Mimi kesho nina safari."

*

Kamukuywa si mahali pa kujificha. Jerono aliuliza mara moja tu, sokoni, ni wapi kwa Wilkista mwenye ng'ombe tatu, na watu wanne wakamwelekeza kwa wakati mmoja.

Wilkista alikuwa zizini akisafisha kiwele. Alipoinua macho na kumwona mama wa Kibomet akiingia, akili yake ilikimbia kwanza kuelekea mgombani, ikaona hakuna njia, ikarudi.

"Mulembe, mama," alisalimu, akitabasamu kwa meno yote.

"Mulembe. Nimekuja kuongea juu ya ile ngozi. Imeshika kabisa. Haitoki."

Jerono alikuwa mweka hazina wa akina mama wa kanisa, na siku hiyo hakusema uongo hata mara moja. Msomaji mwenye shaka anaweza kuhesabu.

Wilkista alivuta pumzi. "Si nilisema. Ni kitu ya ng'ambo hiyo."

"Shida sasa ni mzee. Hana usingizi juu ya hiyo gari. Kila saa anaenda kuangalia kama imeharibika. Mimi nimechoka nayo. Nataka ng'ombe wangu."

"Kwani walienda wapi?"

"Waliuzwa gari ikanunuliwa. Walikuwa watatu. Hawa wako wanafanana na wangu sana." Jerono akamshika yule mkubwa shingoni, na ng'ombe akaegemea mkono wake. Sauti yake ilitetemeka kidogo, na haikuwa mchezo.

Wilkista aliusikia mtetemo huo, na tamaa ikamwingia. Huko Bungoma palikuwa na mfanyabiashara aitwaye Wangila, asiyefuga kuku, ambaye bintiye alikuwa anaolewa Jumamosi, na aliyekuwa akitangaza kila mahali kwamba anatafuta kununua gari ambalo wakwe zake hawajawahi kuliona. Gari moja jekundu kama lile lingeleta ng'ombe kumi na zizi lao. Nailoni angeing'oa njiani, na gundi ile kidogo ya pembeni angeifuta kwa mafuta ya taa.

"Na mzee amekubali?" aliuliza.

"Amelia," alisema Jerono. "Lakini amekubali."

"Gari mpya namna hiyo, kwa ng'ombe tatu." Wilkista akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, kama mtu anayeombwa figo. "Mama Lorna, ni vile tu wewe ni mwanamke mwenzangu."

Walikubaliana kubadilishana alfajiri, kabla majirani hawajaamka, maana Kimaiyo hakutaka kuonekana akiagana na gari. Hilo pia lilikuwa kweli.

*

Asubuhi ya Alhamisi ukungu wa mlima ulikuwa umelala juu ya Kibomet, na baridi ilikuwa ile ya kuvaa sweta mbili. Nailoni ilikuwa imelala pia, imebana, haina kovu. Ng'ombe walishushwa kutoka kwenye lori wakatembea wenyewe mpaka zizini. Wilkista alilizunguka gari mara mbili, akapitisha kiganja juu ya boneti, akajisifu kimoyomoyo kwa kazi safi. Jerono akaleta daftari lenye mapatano. Yaliandikwa kwa mistari mitatu, na wa mwisho ulisema kwamba kila mmoja amekiona alichopewa na amekikubali jinsi kilivyo. Wilkista alitia sahihi kwa furaha. Sentensi hiyo aliipenda sana. Aliwahi kuitumia mara nyingi.

Kilichomwondolea shaka ya mwisho kilikuwa Kimaiyo mwenyewe. Alisimama akiwa ameshika kioo cha pembeni, na machozi yakamtoka, machozi halisi ya mtu anayeaga kitu alichokipenda kwa upumbavu wake wote.

"Mama," alimwambia Wilkista, "nakuomba kitu moja. Hiyo ngozi usitoe. Imeshika sana."

"Sitatoa, mzee," alisema Wilkista kwa upole, akajiambia kwamba huyu angestahili kutapeliwa mara ya pili.

Aliwahi kuendesha pikapu ya mikate, kwa hiyo alijua njia. Alipita Kiminini, akapita Kamukuywa watu wakimpungia mkono, na hapo ndipo jambo lisilotarajiwa lilipomtokea: alilipenda lile gari. Alipenda jinsi boneti ilivyotangulia mbele yake kama bendi. Alijikuta akipunguza mwendo kila alipoona lori, akikwepa changarawe, akiongea na gari kwa sauti ndogo. Kwa muda wa saa nzima alifikiria kutoliuza kabisa. Alisahau hata kusimama aing'oe ile nailoni.

Kwa mwendo huo wa kubembeleza, alifika kwa Wangila saa saba mchana. Bungoma si Kitale. Jua lilikuwa limekaa juu ya mji kama mkwe asiyetaka kuondoka, na mabati yalikuwa yakilia. Wangila, mtu mnene mwenye kofia, alitoka na kikombe cha chai, akaona gari, akasahau kunywa.

"Hii ndiyo kitu nilikuwa nasema," alisema. "Hii wakwe watasimama barabarani."

Ndipo boneti ilipofanya paf. Sauti ndogo, ya adabu. Povu moja likainuka katikati, ukubwa wa chapati, kisha la pili, kisha mlango ukajibu.

Wangila alizunguka gari polepole. "Mama, hii gari inabadilisha ngozi."

"Ni ya kuzuia mawe, mzee," alisema Wilkista haraka. "Ni nailoni tu ya juu. Inatoka. Ngoja uone chini yake vile langi iko safi." Katika hali ya kawaida alizijua r na l vizuri sana, lakini sasa zilikuwa zimebadilishana viti.

Akashika pembe ya nailoni karibu na taa, akavuta. Haikutoka. Akavuta kwa mikono miwili, mguu mmoja kwenye bampa, na safari hii ikatoka yote kwa pamoja, kwa mlio wa shuka linalopasuliwa. Akaanguka kwa matako, akiwa amekumbatia boneti nzima, nyekundu na ya kung'aa, yenye uzito wa karatasi. Boneti nyingine, ile ya chuma, ilibaki mbele yake ikiwa ya kijivu yenye mabaka. Yeye alikuwa amepaka gundi kidogo tu, pembeni. Hii ilikuwa imepakwa kila mahali, kwa uangalifu, na mtu aliyependa kazi yake.

Alikaa pale chini akielewa. Alielewa ukungu, alielewa alfajiri, alielewa lile neno la "imeshika kabisa, haitoki." Alimkumbuka mama yule akimshika ng'ombe shingoni.

Wangila hakuwa mtu mbaya. Alimsaidia kuinuka, akamwitishia kiti na kikombe cha chai. Ilikuwa chai nzuri, ya maziwa mengi. Wilkista aliitazama bila kuinywa.

"Nani alikubandikia hii takataka?" aliuliza Wangila.

"Fundi fulani tu."

"Unamjua?"

"Namjua tangu utotoni."

"Si umpeleke polisi basi? Mtu kama huyo atakulipa kila kitu."

Wilkista alikunja ile rangi nyekundu mara mbili, akaiweka magotini kama kitambaa cha meza.

"Haitasaidia, mzee," alisema. "Ni mtu maskini. Siku hizi hata ng'ombe hana."